Madabodi mpya, Windows inagoma na namba 0x0000007B: fundi asiifomati diski kwanza

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba kompyuta yako ya mezani imewekewa madabodi nyingine (ule ubao mkuu unaobeba prosesa na ramu), kwamba nembo ya Windows inatokea, kisha skrini inageuka buluu ikiwa na namba 0x0000007B na mashine inaanza upya, na kwamba fundi anataka kuifomati diski. Ningekuwa wewe ningemwomba asubiri. Yalinikuta hayo hayo hapa Tanga, na faili zangu zilikuwa salama muda wote. Kilichokosewa kilikuwa mpangilio mmoja ndani ya bayosi, yaani programu ndogo ya madabodi inayoamka kabla ya Windows.

Mashine yangu ipo katika duka la fotokopi huko Ngamiani. Sikuitupa kwa sababu printa yetu ya utepe, tunayoitumia kupiga risiti zenye nakala, huunganishwa kwa lile tundu pana la pini 25 ambalo kompyuta za siku hizi hazina. Kapasita kadhaa kando ya prosesa zilivimba vichwa, moja ikavuja, na hewa ya chumvi ya mji wetu nadhani ilisaidia kumalizia kazi. Nilipata madabodi iliyotumika yenye soketi 775, ileile ya prosesa yangu, nikafurahi mapema mno: ilikuwa inapokea ramu za DDR3, na mimi nilikuwa na DDR2. Pengo la kipande cha DDR3 limekaa mahali pengine, kwa hiyo DDR2 haiingii hata ukiikandamiza, na tafadhali usiikandamize.

Nilipomaliza jambo la ramu na kuiwasha mara ya kwanza, feni ilizunguka nusu mzunguko ikasimama. Madabodi hii iliyotumika ilikuwa fupi kuliko ile iliyoharibika, na kijiguzo kimoja cha shaba kilichobaki ndani ya kasha kilikuwa kinagusa mgongo wake na kupiga shoti. Nilipokiondoa, feni zilizunguka vizuri lakini skrini ikabaki nyeusi, kwa kuwa nilichomeka plagi kubwa ya pini 24 nikaisahau ile ndogo ya pini 4 inayopeleka umeme wa volti 12 kwa prosesa. Wewe umeshavuka hatua hizo. Nimeziandika kwa ajili ya wengine watakaopita hapa.

Sasa namba yako. Namba hiyo ina maana kwamba Windows imeshindwa kuifikia diski ambayo yenyewe imo ndani yake. Diski ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) inaweza kuendeshwa kwa namna ya IDE iliyo ya zamani, AHCI iliyo mpya zaidi, au RAID, ambayo huunganisha diski kadhaa zifanye kazi pamoja, na Windows inapowekwa kwa mara ya kwanza huandaa draiva (programu ndogo ya kuendeshea kifaa) ya namna iliyoikuta siku ile, nyingine ikaziacha zimelala. Ukiileta madabodi iliyopangwa kwa namna tofauti, bayosi itaisoma diski mwanzoni bila shida, ndiyo maana nembo unaiona. Lakini Windows ikifika mahali inapotakiwa kuishika diski kwa draiva yake yenyewe, haina draiva ya kuishikia, nayo husimama hapo hapo. Diski haijaharibika hata kidogo.

Ingia kwenye bayosi kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu unapowasha, tafuta mahali palipoandikwa SATA Mode au maneno yanayofanana na hayo, uandike kwenye karatasi ilivyo sasa, kisha ujaribu namna nyingine, moja baada ya moja. Ikiwa diski yako ni moja na haikuwahi kuwa sehemu ya RAID, kubadilisha huko hakufuti kitu. Kwangu madabodi ilikuja na AHCI ilhali Windows 7 iliwekwa wakati wa IDE. Niliporudisha IDE, mashine ikawaka, ikatafuta draiva zake kwa muda, ikaomba kuanzishwa upya, basi. Nimeiacha hivyo hivyo, maana kwa diski ya zamani ya kuzunguka sijaona tofauti ya kunisumbua. Mwenye Windows 10 anayetaka kuhamia AHCI anaweza kufungua msconfig (programu ya mipangilio iliyomo ndani ya Windows), kuchagua Safe boot, kubadilisha bayosi mashine inapoanza upya, na baada ya kuwaka kuondoa chaguo lile.

Ikishindikana kwa namna zote, bado kufomati si hatua inayofuata. Washa mashine kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao kwa kawaida haijali madabodi imebadilishwa, unakili faili zako kwenye diski ya nje, kisha fundi afanye atakavyo.

Mambo mawili yatakusumbua baadaye. Windows inaweza kudai uhalalishaji upya, na kama leseni yako ilikuja na kompyuta kutoka kiwandani, kwa kawaida ilifungwa kwenye madabodi ile ya kwanza. Pia, madabodi iliyokaa stoo mara nyingi betri yake ndogo, CR2032 ya volti 3, huwa imekwisha, hivyo tarehe hurudi nyuma miaka mingi na tovuti nyingi hukataa kufunguka. Wengine hudhani intaneti imekatika. Tena mipangilio ya bayosi nayo hupotea kila umeme unapokatika, na ile SATA uliyoirekebisha inarudi ilikokuwa, kwa hiyo badilisha betri kwanza.

Ukishaingia kwenye bayosi, tuandikie hapa uliikuta SATA imepangwa namna gani, na Windows yako ni ya toleo lipi.