Je, jeni inaweza kumilikiwa?

SWALI: Nimesoma kwamba kampuni zinaweza kupewa hataza ya jeni. Je, mtu mwingine aweza kumiliki kitu kilichomo mwilini mwangu?

JIBU: Hapana. Hataza humpa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine kuutumia uvumbuzi wake kibiashara kwa muda maalumu, wala haimpi umiliki wa mwili wa mtu. Kinachobishaniwa ni pale ugunduzi unapokoma na uvumbuzi kuanza. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliruhusu hataza ya bakteria aliyebadilishwa maabara ili avunjevunje mafuta ghafi, kwa kuwa kiumbe wa namna hiyo hakuwapo katika maumbile. Mwaka 2013, katika kesi ya kampuni ya Myriad Genetics kuhusu jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo kasoro zake huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, majaji wote wa mahakama hiyohiyo waliamua kwamba kuitenga DNA ya asili (kemikali inayobeba jeni), yaani kuitoa mwilini, si kuivumbua. Uamuzi sahihi, kwa maoni yangu, ila uliochelewa. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 1998, huruhusu hataza ya jeni iliyotengwa, mradi matumizi yake ya kiviwanda yaelezwe katika maombi.