Usichomelee habu! Shika magurudumu yote mawili kwanza

Mkuu, kama hiyo mashine ya kuchomelea iko tayari, izime kwanza usome hapa mpaka mwisho.

Umeandika kwamba ekseli ya nyuma ya kwadi yako (pikipiki ya magurudumu manne) inacheza, gurudumu la kulia linayumba hata ukilisukuma kwa mkono, umekaza nati mara tatu na kila baada ya siku chache hali inarudi ile ile. Sasa kuna mtu amekushauri uchomelee habu, kile kipande kinachoshika gurudumu na chenye meno yanayoumana na meno ya ekseli, kwenye ekseli "ili yaishe". Umeuliza pia kuhusu spesa za kutanua magurudumu ya nyuma na tairi za upana gani zinafaa. Hayo yangoje siku nyingine, lakini hili la kuchomelea haliwezi kungoja.

Hata mimi niliambiwa "ili yaishe", maneno yale yale. Na kweli yaliisha: iliisha ekseli, ikaisha hauzingi (ile nyumba ya beringi), zikaisha habu, na nusura aishe mdogo wangu.

Yangu ilianza kama yako. Nikikata kona nahisi sehemu ya nyuma inachelewa, kama vile inafikiria kwanza ndipo ifuate. Nikisimama na kulisukuma tairi la kulia kwa mguu nasikia "tak", chuma kwa chuma. Nikatoa kotapini, kile kipini kinachozuia nati isifunguke, nikaikaza ile nati yenye mapengo, nikarudisha pini. Siku nne, tak imerudi. Nikakaza tena, kwa bomba refu juu ya spana, mpaka mapengo ya nati yakapita tundu la pini na pini ikawa haina pa kuingia. Nikafunga waya. Nikiukumbuka ule waya leo najiuliza nilidhani unazuia nini.

Ndipo nikaita fundi. Alikuja, akashika lile gurudumu moja la kulia, akalitikisa mara mbili mashine ikiwa bado imekaa chini na uzito wake wote, akasema, "Meno yameisha hapa. Tunachomelea tu, haitacheza tena maisha." Hakuinua mashine, hakuwasha tochi, na la kushoto hakuligusa kabisa. Alitumia muda mfupi kuliko huu unaotumia kusoma aya hii. Na kosa langu ni kwamba sikumuuliza swali hata moja, kwa sababu jibu lake lilikuwa rahisi na mimi nilikuwa nimechoka kukaza nati.

Sasa nikueleze alichofanya, maana huyo wako atafanya hivyo hivyo. Kibano cha athi, cha ule waya unaorudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, alikibana kwenye fremu, mbele karibu na kikanyagio, kwa sababu hapo palikuwa hapana rangi. Habu anaichomelea huku nyuma. Umeme una njia gani ya kurudi? Unaingia kwenye ekseli, unavuka kwenye gololi za beringi, ndipo ufike kwenye fremu. Kila gololi inapogusa njia yake, panaungua kialama kidogo. Kwa macho huoni kitu, lakini ile beringi tayari umeiua. Joto nalo likapanda kwenye ekseli, likayeyusha grisi na kukausha mdomo wa sili, ule mpira unaoziba beringi. Na chuma chenyewe cha ekseli kimepikwa kiwandani kiwe kigumu na bado kiweze kustahimili kupindwapindwa. Ukikichoma mahali pamoja na kukiacha kipoe ovyo, pembeni mwa mshono panabaki pa kukatika. Ekseli ya nyuma ndiyo inayobeba uzito, inasukuma na inapokea breki, yote kwa wakati mmoja. Ni sehemu ya mwisho kabisa ya kuchezea na moto.

Siku za mwanzo mashine ilitulia, na hapo ndipo nilipodanganyika. Kweli meno ya habu yalikuwa yameanza kulika kidogo, kwani nati ikikaa imelegea meno lazima yalike. Kwa hiyo mlio ulipungua nusu. Ile nusu iliyobaki nikajiambia ni ya cheni.

Wiki ya tatu mdogo wangu akaiomba azungushe kidogo. Alikuwa anavuka kijifereji kisichofika hata goti, mwendo wa pole, gia ya kwanza. Nilisikia mlio mmoja tu, mkavu, kama kuni inavunjwa gotini. Gurudumu la kulia likaondoka na habu yake, likaendelea kuviringika peke yake kama hatua kumi hivi. Mashine ikakaa kwa diski, ikageuka, naye akaangukia bega. Alikuwa amevaa kofia ngumu, namshukuru Mungu. Bega lilimsumbua miezi miwili. Angekuwa kwenye kasi ninayopenda kwenda mimi, nisingekuwa naandika hapa kwa utulivu huu.

Ekseli ilikatika pembeni tu mwa mshono, upande wa ndani. Ukitazama pale ilipokatika unaona ukingo wa juu umeshaingia rangi ya kahawia, yaani ufa ulikuwepo siku nyingi, na katikati ni chuma kipya kinachong'aa. Siku zote zile tulikuwa tumekalia ufa.

Nilipofungua yote ndipo nikaona ugonjwa wenyewe. Beringi ya kushoto, upande ambao hakuna aliyeugusa, haikuwa na kizimba tena, kile kinachotenganisha gololi. Gololi zimesagika, ndani kumejaa unga mwekundu wa kutu uliochanganyika na grisi. Ringi yake ya ndani ilikuwa imeanza kuzunguka juu ya ekseli na kuchimba mfereji, ukipitisha ukucha unakwama. Ringi ya nje nayo imezunguka ndani ya hauzingi mpaka tundu limepanuka. Beringi mpya nikaitia kwa kidole, ikaingia, ikatoka. Inatakiwa igome! Kwa hiyo hauzingi ikaenda, diski ya breki ikapinda pale mashine ilipokaa, habu zote mbili nikabadilisha, ekseli nzima mpya. Kilichohitajika siku ya kwanza kabisa, kabla sijagusa spana, kilikuwa beringi mbili na sili mbili. Basi.

Sasa sikiliza, maana hiki ndicho nilichokilipia: usikaze wala kuchomelea chochote mpaka uone kwa macho yako ni kipande gani kinacheza juu ya kipande gani. Neno "ekseli imelegea" halina maana yoyote. Ekseli haiwezi kulegea peke yake, inalegea ndani ya kitu, au kitu kinalegea juu yake.

Inua nyuma yote, magurudumu mawili yawe hewani, fremu ikae juu ya kitu imara, si jeki peke yake. Tafuta mtu wa pili. Mmoja ashike tairi juu na chini na kulitikisa, mwingine alale chini na tochi akitazama maungio. Halafu, na hili ndilo ambalo mimi na yule fundi hatukulifanya, nendeni upande wa pili mfanye hivyo hivyo. Kama kwadi yako ina ekseli moja nzima kutoka gurudumu hadi gurudumu, magurudumu yote mawili yanategemea beringi zile zile mbili zilizo katikati. Ukisukuma la kulia juu na la kushoto nalo linatikisika, shida iko katikati na habu haina kosa. La kulia likicheza na la kushoto limetulia tuli, ndipo uanze kuishuku habu ya kulia au nati nne za rimu. Sekunde thelathini tu, mkuu. Mimi sekunde hizo thelathini zilinigharimu ekseli.

Kwa meno kuna kipimo kingine ambacho hakidanganyi. Futa grisi kwenye ncha ya ekseli, chukua rangi nyeupe au hata rangi ya kucha, chora mstari mmoja mwembamba unaotoka kwenye ncha ya ekseli kuvuka nati hadi kwenye habu. Weka gia, mtu ashike breki ya nyuma, wewe lizungushe tairi mbele na nyuma kwa nguvu. Mstari ukikatika kati ya ekseli na habu, meno yamelika. Ukikatika kwenye nati peke yake, nati inafunguka. Mstari ukibaki mzima na bado gurudumu linayumba, acha habu, rudi katikati.

Na katikati kwenyewe pana vitu viwili. Ekseli ikicheza ndani ya hauzingi, hizo ni beringi. Hauzingi yenyewe ikicheza ndani ya mkono wa nyuma, ule unaoiunganisha na fremu, hizo ni bolti za kuibana, zile unazozilegeza ukitaka kurekebisha cheni. Wengi wanarekebisha cheni na kusahau kuzirudisha kwa nguvu inayotakiwa. Tazama pia pale mkono wa nyuma unaposhika kwenye fremu, kwa sababu bushi za hapo zikiisha mashine yote ya nyuma inayumba na utaapa ni ekseli.

Ukigundua ni beringi, zitoe zote mbili hata kama moja inaonekana nzima. Soma namba ubavuni kabla hujaitupa. Kwa zile za namba kama 6007 na 6008, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata tundu la ndani kwa milimita: 6007 ni milimita 35, 6008 ni milimita 40. Usikubali "hii inafanana". Wakati wa kuingiza kwenye hauzingi, gonga au kandamiza ringi ya nje tu. Ukigonga ya ndani, nguvu inapita kwenye gololi na umeiharibu kabla haijazunguka hata mara moja. Mimi huziweka kwenye friji ya barafu usiku kucha, asubuhi zinaingia kwa adabu.

Kati ya beringi hizo mbili kuna kibomba. Kisipotee! Kuna mafundi wanakiona kama chuma kilichozidi. Kazi yake ni kutenganisha ringi za ndani ili ukikaza nati kubwa, nguvu ipite kwenye kibomba badala ya kuzisukuma beringi ubavuni. Ukikiacha nje, kadiri unavyokaza ndivyo unavyoziua, na baada ya mwezi utarudi hapa kuuliza swali lile lile.

Zile nati kubwa mbili za kwenye ekseli ni ndugu: ya kwanza inakazwa, ya pili inakazwa dhidi yake ili ziumane, na gundi ya nyuzi inapakwa kwenye nyuzi zilizosafishwa hadi zikakauka. Nguvu ya kukaza ipo kwenye kitabu cha mashine yako, tumia spana ya kupimia, si bomba kama mimi. Kotapini weka mpya. Na kama pengo la nati halijalingana na tundu, songa mbele kidogo mpaka pengo linalofuata, kamwe usilegeze kurudi nyuma ili pini iingie. Nati za rimu zenye upande uliochongoka, huo mchongoko unaangalia rimu, na unakaza kwa kukatiza, si kwa kuzunguka duara. Ukishaiendesha mara ya kwanza, rudi uzikague zote.

Na jingine, kwa kuwa umesema unaiosha kila ukitoka matopeni: maji ya presha usiyaelekeze katikati ya ekseli. Mdomo wa sili umetengenezwa kuzuia matope na mvua, hauwezi kushindana na bomba la presha ukiwa umeliweka kwa karibu. Maji yanaingia, grisi inageuka maziwa, kutu inaanza kwa ndani huku nje panang'aa. Nina hakika yangu ilianzia hapo, kwa mikono yangu mwenyewe, siku za Jumamosi.

Kuhusu habu, kama kipimo cha mstari kitaonyesha meno yamelika kweli, nunua habu, kisha ukague meno ya ekseli kwa kuivalisha hiyo habu mpya ikiwa kavu. Ikicheza hata habu mpya, ekseli nayo imelika, ubadilishe vyote viwili. Usijaze vipande vya kopo kati yao ili kuziba nafasi. Na kuchomelea hata usifikirie: kwenye mashine yangu nati kubwa na habu ya diski hutokea upande ule ule aliochomelea, kwa hiyo hata isingekatika ningelazimika kuikata kwa grainda siku ya kubadilisha beringi.

Mwambie huyo fundi asubiri. Inua mashine leo kabla giza halijaingia, tikisa kulia, tikisa kushoto, chora mstari, halafu rudi hapa utuambie kimoja tu: la kushoto lilicheza au halikucheza?