Naanza wodi ya ndani, mikono yenyewe inatetemeka

SWALI: Shikamoo daktari. Nimemaliza chuo, intanishipu nimepangiwa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, na naanzia wodi ya magonjwa ya ndani. Kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa, najua, ila sindano ya mgongo nimeona tu wenzangu wakifanya. Watanitegemea nifanye nini mwenyewe? Naogopa masista watanicheka.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kucheka watakucheka kidogo, hiyo haina dawa. Damu, kanula, mpira wa puani, hivyo utazoea bila hata kujua. Mpira wa mkojo kwa mwanaume, usijaze puto la kwenye ncha yake mpaka uone mkojo umetoka, la sivyo utamchana mtu ndani, na hapo mwalimu wako ni sista sio mimi, so muombe kwa heshima. Kutoa maji yaliyojaa pembeni ya mapafu, sindano inapita juu ya ubavu, chini yake kuna mishipa, na kwa mara moja usizidishe lita moja na nusu.

Sasa sindano ya mgongo. Hiyo ndo watakuachia, maana wagonjwa wa VVU wenye kriptokoka, yaani fangasi wa utando wa ubongo, hawakosekani wodini, na presha ya maji ya uti wa mgongo ikipanda kuyatoa ni matibabu kabisa sio kipimo tu, kesho unaweza ukarudia tena. Kwanza angalia kama upande mmoja wa mwili umelegea, kama anavuja damu ovyo au ana kidonda hapo mgongoni, ukiona hivyo ita mkubwa wako kabla hujafungua glavu. Alafu mlaze vizuri, mimi naona hapo ndo wengi wanakosea, wanakimbilia sindano. Alale ubavu ukingoni mwa kitanda, magoti tumboni, kidevu kifuani, bega moja lisianguke mbele. Shika juu ya mfupa wa nyonga, shuka moja kwa moja mpaka mgongoni, hapo uko karibu na pingili ya nne ya kiuno, uti wenyewe umeshaishia juu huko kwenye ya kwanza au ya pili. Choma ganzi, ipe muda. Elekeza sindano kitovuni. Ukigonga mfupa rudi mpaka karibu na ngozi, nyoosha, ingia upya, usichokonoe.

Ndugu wa mgonjwa ndo wagumu kuliko mgongo. Watakwambia hiyo sindano inaua, jirani alichomwa Jumatatu Jumanne akazikwa. Mara nyingi ni kweli alikufa, ila walikataa siku kadhaa wakaja kukubali ameshazimia, basi lawama yote ikaangukia sindano. Usibishane nao. Kaa nao chini, kama Kilugbara, lugha ya huko, hujui tafuta wa kukutafsiria, geuka uwaonyeshe kwenye mgongo wako mwenyewe inapoingia, waambie ukweli kwamba kichwa kinaweza kuuma siku kadhaa, wakimaliza maswali ndo uombe sahihi.

Na ukijichoma wewe na sindano iliyotumika, osha kwa maji na sabuni, usikamue, dawa za kinga ya VVU unaanza mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, unameza siku 28. Siku ya kwanza tu ulizia nani anashika ufunguo wa kabati la dawa hizo usiku.