Maswali ya Wasomaji: G6PD, Kimeng'enya Kinachochakaa Mapema

Assalaam alaykum. Mwanangu wa kiume wa miaka mitatu alimeza kidonge cha nafthalini alichokitoa kabatini. Siku ya pili mkojo ukawa mweusi kama strungi, macho yakageuka manjano. Hospitalini tukaambiwa ana upungufu wa G6PD. Mavyaa yangu asema ugonjwa umetoka kwangu. Ni kweli? Na kuna arusi mwezi ujao, bibi yao ataka kumtia hina mdogo wake wa miezi miwili. Nimwachie? – Mama, Kisauni

Wa alaykum salaam, mama. Tuanze na hina, manake hilo halingoji: usimwachie. Rangi ya hina hutokana na kemikali iitwayo losoni, nayo hupenya ngozi laini ya mtoto mchanga. Kwa mtoto mwenye upungufu huu, losoni huzipasua chembe nyekundu za damu, na watoto wamewahi kufikishwa hospitali mahututi kwa sababu hiyo. Huyo mdogo hajapimwa bado, na nduguye anao, basi mchukulie kuwa naye anao mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Akina bibi wapakane wao.

G6PD, kwa kirefu glukosi-6-fosfeti dihaidrojenezi, ni kimeng'enya kinachotengeneza NADPH, molekuli ndogo inayobeba nguvu ya kuzuia uunguzaji. Chembe nyekundu huitumia NADPH kuirudisha glutathioni katika hali yake ya kazi, na glutathioni ndiyo inayoikinga himoglobini isiunguzwe na oksijeni kali. Seli nyingine zina njia zaidi ya moja ya kupata NADPH. Chembe nyekundu haina mitokondria, kwa hiyo njia yake ni hiyo moja tu. Nafthalini ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa naftholi na jamaa zake, ambazo huimaliza glutathioni. Hapo himoglobini huganda vipandevipande ndani ya chembe, chembe hupasuka, na himoglobini iliyomwagika ndiyo hiyo mliyoiona kwenye mkojo. Kwa kawaida dalili hutokea kati ya saa 24 na 72. Ndiyo maana mtoto aweza kushinda akicheza siku nzima, mzazi akadhani yamepita.

Kuhusu mavyaa: njia ameijua, lawama ameikosea. Jini ya G6PD iko kwenye kromosomu X, na mtoto wa kiume hupata X yake kwa mama tu. Lakini wewe nawe uliipata kwa baba au mama yako, na yaelekea hukuwahi kuumwa. Mwanamke mwenye nakala moja nzima na moja mbovu huwa na chembe za aina mbili zilizochanganyika, kwa hiyo wengine hawadhuriki kabisa na wengine hudhurika kiasi.

Nafthalini itoeni nyumbani yote. Nguo zilizokaa nayo zianikwe hewani na kufuliwa kabla mtoto hajazivaa. Na kila mwendapo duka la dawa au zahanati, semeni "ana upungufu wa G6PD" kabla ya kutaja homa.

Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya maabara. Tumefundishwa kwamba G6PD huzuiwa na zao lake yenyewe. Naomba mnifafanulie muundo wake na jinsi inavyodhibitiwa. – Msomaji, Tudor

Kila mnyororo wa protini ya G6PD una asidi amino 515. Mnyororo mmoja peke yake haufanyi kazi. Lazima iungane miwili au minne. Kila mmoja una sehemu mbili kubwa: ile ya mwanzo inayoshika NADP+ ya kazi (NADP+ ndiyo inayogeuzwa kuwa NADPH), na ile kubwa zaidi ambayo bamba lake ndilo linalogusana na la mwenzake. Glukosi-6-fosfeti hukaa katikati ya sehemu hizo, karibu na laisini ya 205.

Jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita ni NADP+ ya pili. Hii hainunui wala haiuzi: imekaa karibu na mpaka wa minyororo miwili, na kazi yake ni kuushikilia muundo usilegee. Mabadiliko ya jini yanayoleta aina kali kabisa, ile ya kupungukiwa damu mwaka mzima hata bila dawa, mengi yako karibu na hapo.

Udhibiti nao ni rahisi kuuelewa ukizitazama NADP+ na NADPH kwa pamoja. Zinagombania nafasi moja. Chembe ikiwa salama, NADPH ni nyingi sana na NADP+ ni haba, hivyo kimeng'enya kimezuiwa na hufanya kazi kwa sehemu ndogo sana ya uwezo wake. Ikija dawa inayochoma, glutathioni hutumika, NADPH hugeuka NADP+, kizuizi huondoka, na kasi hupanda papo hapo. Haihitaji homoni wala amri ya jini. Kwenye ini kuna ngazi nyingine, kwani insulini na mlo wa wanga huongeza utengenezaji wa kimeng'enya chenyewe, lakini chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini wala ribosomu. Ilichozaliwa nacho ndicho kitakachoizika.

Na hapo ndipo upungufu ulipo. Katika aina ya A-, iliyoenea zaidi Afrika kusini mwa Sahara, kimeng'enya hutengenezwa na hufanya kazi, ila hakidumu: nusu yake huisha kwa takriban siku 13, badala ya 60 hivi za kawaida, ilhali chembe huishi siku 120. Chembe changa zinajimudu, kongwe zimebaki mikono mitupu. Aina ya Mediterania, ambayo huonekana zaidi Mashariki ya Kati na Bara Hindi, huchakaa haraka zaidi, hata chembe changa hazisalimiki. Kwa mji wenye nasaba kama za Mombasa, maabara isidhani kila mgonjwa ni A-.

Nilipimwa G6PD nikiwa na mkojo mweusi baada ya dawa, majibu yakawa sawa. Miezi mitatu baadaye nikapimwa tena, naambiwa nina upungufu. Maabara ipi imekosea? – Msomaji wa kiume, Likoni

Huenda hakuna iliyokosea, ndugu yetu. Wakati wa shambulio chembe kongwe zilikuwa zimeshapasuka, na uboho ukamimina changa zenye kimeng'enya cha kutosha. Kipimo kilipima zilizobaki. Ngoja kama miezi mitatu baada ya shambulio, au baada ya kuongezewa damu, ndipo upime. La pili ndilo la kuaminika.

Kosa la kinyume nalo lipo. Sampuli ikiachwa mezani kwa joto letu hili la mwezi wa pili, kimeng'enya hufa na mzima huonekana mgonjwa. Damu iwekwe kwenye chupa ya EDTA, yenye kifuniko cha zambarau, na ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 kama haipimwi mara moja. Kipimo cha doa ni tone la damu na kitendanishi, linadondoshwa kwenye karatasi ya chujio, linakaushwa na kuangaliwa chini ya taa ya urujuanimno: likimeremeta, NADPH imetengenezwa. Hicho hukamata walio chini ya asilimia 30 hivi ya uwezo wa kawaida wa kimeng'enya. Wanawake wengi wenye kiwango cha katikati huonekana wazima, basi wao waombe kipimo cha kiasi, kile kinachosomwa kwenye nanomita 340.

Dawa za kukwepa: dapsoni, dawa za malaria primakwini ya siku 14 na tafenokwini, nitrofurantoini ya mkojo, na methilini bluu. Dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kilo, WHO iliiruhusu mwaka 2012 bila kupima kwanza. Artemetha-lumefantrini, dawa ya kawaida ya malaria, haina neno.

Sisi ni watu wa mahamri na mbaazi kila asubuhi. Kuna aliyetwambia mwenye G6PD asile maharagwe. – Msomaji, Mji wa Kale

Mbaazi za nazi kuleni. Kunde, dengu, pojo na bajia zake pia. Lililokatazwa ni haragwe la fava, lile kubwa pana linalopikwa ful, la mkebe au la kukaushwa, na bichi ni baya zaidi. Lina kemikali za visini na konvisini, ambazo tumboni hugeuka sumu ya aina ile ile ya nafthalini. Falafeli ulizia imetengenezwa kwa nini: ya dengu ni salama, ya ful si salama. Mwengine hula leo asione kitu, akala mwezi ujao akalazwa, kwa hiyo kula mara moja ukasalimika si kipimo. Mama anayemnyonyesha mtoto mwenye upungufu naye asile ful, manake hupita kwenye maziwa.