Maganda ya ndizi na maji ya kromu: yanasaidia, ila si vile uliona kwa video

Swali: "Habari ya kazi injinia. Niko Kariobangi Light Industries, tuko wanne, tunapaka nikeli na kromu kwa vyuma vya pikipiki, mifereji na vitu kidogo kidogo. Maji ya kusuuzia ni kama lita 200 kwa siku na yana rangi ya manjano. Nimeona video jamaa anasema maganda ya ndizi na magunzi ya mahindi yananyonya metali nzito zote. Soko iko karibu, maganda ni bure. Nikijaza mapipa mawili nipitishe maji humo, NEMA (wale wa serikali wa mazingira) wakikuja nitakuwa sawa?"

Poa fundi, na asante umeuliza kabla ya kumwaga. Hiyo video haidanganyi sana, maganda yanashika metali kweli, lakini hiyo manjano ndio inanitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote kwa swali lako.

Iko hivi. Ganda, gunzi, vumbi la mbao, maganda ya kahawa, vyote vina viti vidogo vidogo ambapo kwa kawaida wamekaa kalsiamu, potasiamu na haidrojeni. Nikeli ikipita inawatoa wale, inakaa yeye. Maji yakiwa na asidi kali, haidrojeni imejaa kila kiti kama matatu ya saa kumi na mbili jioni na nikeli inabaki steji. Ndio maana nikeli, zinki, shaba na risasi zinashikwa vizuri pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali) ikiwa kama 5 au 6, sio 2.

Sasa kromu yako ya manjano ni kromu sita, ile inasababisha kansa, na tabia yake ni kinyume kabisa. Yenyewe ina chaji hasi, kwa hivyo inapenda kushikwa kwa asidi kali, pH kama 2, na hapo ganda pia linaigeuza polepole iwe kromu tatu ambayo haina sumu kali hivyo, halafu hiyo kromu tatu nyingine inarudi kwa maji kwa sababu asidi imekataa ikae. Kwa hivyo pipa moja haliwezi kushika nikeli na kromu sita vizuri kwa wakati mmoja. Video hawakukuambia hiyo.

Halafu kuna hesabu. Ganda lililokaushwa tu, bila kutengenezwa na kemikali, mimi nikipiga mahesabu nachukua miligramu 10 za metali kwa gramu moja. Maji yako ya kusuuzia yakiwa na miligramu 50 kwa lita, lita 200 ni gramu 10 za metali, hiyo ni kilo moja ya maganda makavu kwa siku, na kwa ukweli weka mbili au tatu kwa sababu maji yakishakuwa safi kidogo ganda linashika kidogo pia. Hiyo inawezekana. Lakini beseni la kromu huwa na karibu gramu 250 za asidi ya kromiki kwa lita, ambayo ndani yake kromu yenyewe ni kama gramu 130. Lita moja tu ikimwagika inataka kilo 13 za maganda! Kwa hivyo dawa ya kwanza ni bure kabisa: chuma kikitoka kwa beseni kiache kining'inie hapo juu kidondoshe maji vizuri, nusu dakika zaidi, kabla ya kusuuza. Na pia hiyo ni pesa yako inarudi kwa beseni.

Mimi ningefanya hivi. Tenganisha maji ya kromu na ya nikeli, usiyachanganye. Ya kromu shusha pH kwa asidi hadi 2.5, weka sodiamu metabisalfaiti (poda ya kugeuza kromu sita iwe kromu tatu) kidogo kidogo mpaka manjano iishe igeuke kijani (fanya nje penye upepo, ile harufu inakaba), kisha chokaa hadi pH 8.5, acha usiku kucha itulie chini. Ya nikeli ni chokaa tu hadi pH 10, itulie pia. Chukua yale maji meupe ya juu ya pipa zote mbili, yashushe hadi pH 6 au 7, HAPO sasa ndio upitishe kwa maganda. Maganda ni chujio la mwisho la kuokota kile chokaa imeacha, hayawezi kubeba kazi yote.

Na usitumie maganda mabichi. Kuna karakana niliitwa walikuwa wamejaza ndizi mbichi kwa pipa, baada ya wiki maji yanatoka kama chai ya rangi, yananuka, na uchafu wa kuoza ukawa shida mpya juu ya ile ya metali. Kwa kazi yako ningechagua magunzi, hayaozi haraka: yasage yawe kama mchele, chemsha, mwaga hayo maji, rudia mpaka rangi iishe, anika. Yakisagwa kama unga pipa litaziba.

Magunzi yakishajaa metali usichome. Kromu tatu ikiungua pamoja na chokaa inaweza kurudi kuwa kromu sita kwa jivu. Usipee mbuzi, usiweke shambani. Kausha, pamoja na lile tope la chokaa, funga kwa pipa, lichukuliwe na mtu mwenye leseni ya taka hatari.

Kuhusu NEMA, hawaangalii pipa lako lina nini, wanaangalia namba ya maji yanayotoka, so peleka sampuli kwa maabara uitishe kromu sita, kromu jumla, nikeli na pH. Ukiwa unamwaga kwa laini ya sewa, kuna kibali cha kampuni ya maji pia, na mabwawa ya Ruai ya kusafisha maji ya sewa yanategemea bakteria ambao metali inawaua.

Kitu kimoja nijibu kabla hujagusa asidi: kuna beseni lolote hapo, la shaba au zinki, linalotumia sianidi? Kama liko, maji yake yasikutane na asidi hata tone, ile gesi inaua watu hapo hapo.