Kitako kipya cha mbao: hiyo asilimia 5 iliyobaki ndiyo kazi yenyewe

Mkuu, umeuliza hivi: una bunduki ya kuwindia ya bolti, umechoka na kitako chake cha plastiki (mwili wote unaobeba chuma, kuanzia begani hadi chini ya mtutu), umeona cha mbao kinauzwa kimeandikwa "kimechimbwa asilimia 95", yaani shimo la kulaza chuma limebakiza kidogo tu, na unataka kujua kama ni cha kupachika na kukaza skrubu mbili basi. Hapana. Nimeshavalisha vitako vinne kwa mikono yangu, na cha kwanza nilikipasua. Nitaanzia hapo.

Kile cha kwanza nilikinunua kwa macho. Kilikuwa cha mjozi, ule tunaozoea kuuita wolnati, na nyuzi zake zilikuwa zimejiviringa kama moshi kuanzia bapa la begani hadi shingoni, pale mkono unaposhika. Nilikilaza, chuma kikaingia, skrubu zikakaza, nikaenda kulenga shabaha. Risasi kama ishirini hivi baadaye nikaona ufa mwembamba kama unywele, umeanzia pale mkia wa risiva (kile chuma cha kati kinachoshika mtutu na bolti) unapoishia na kushuka kuelekea shingo ya kitako. Nikalaumu mbao. Nilipoifungua nikakuta kosa ni langu, tena ni makosa mawili.

Chini ya risiva, upande wa mbele, kuna kipande cha chuma kinachochomoza. Niruhusu nikiite jino. Bunduki inapopiga teke, hilo jino ndilo linalotakiwa kuegemea ukuta wa mbao nyuma yake na kupeleka teke lote kwenye kitako. Langu halikuwa limegusa ukuta. Kulikuwa na nafasi ndogo, hata karatasi mbili zingepita. Kwa hiyo teke lilibebwa na mkia wa risiva, na mkia ukafanya kazi ya kabari: kila risasi ilikuwa nyundo moja kwenye kabari. Kosa la pili ni zile nyuzi nzuri nilizozipenda. Shingo ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, na nyuzi zake zikikatiza upande badala ya kwenda na urefu wa shingo, ufa ukishaanza haukutani na kitu cha kuuzuia.

Ndiyo maana siku hizi nikichagua kitako sianzi na rangi. Naomba picha ya shingo, pande zote mbili na juu. Nyuzi zipite zimenyooka shingoni, zifuate mteremko wa mshikio. Urembo ukae nyuma, kwenye bapa la begani, huko haudhuru. Muuzaji akinitumia picha ya bapa tu, naachana naye. Uliza pia unyevu wa mbao. Mbao ya kitako inatakiwa ikauke hadi asilimia 8 hivi, na ambayo haijafika huko itaendelea kujikunja ikiwa tayari imekumbatia bunduki yako. Kama unawinda kwenye mvua na hujali sana sura, mbao ya tabaka zilizogundishwa hutulia kuliko kipande kimoja cha mjozi, ila ni nzito, na utausikia huo uzito ukiibeba siku nzima.

Kuhusu kuoana na bunduki yako, usiridhike na jina. Hujasema ni aina gani, kwa hiyo nitatoa mifano. "Kitako cha Mauser 98", ile bunduki ya kijeshi ya Kijerumani, ni maneno mapana mno. Bunduki hizo zilitengenezwa na viwanda vingi, nchi nyingi, kwa miongo mingi. Kwa mfano, katika jamii hiyo M48 ya Yugoslavia inafanana kabisa na K98k ya Ujerumani, lakini risiva yake ni fupi kwa takriban milimita 6, na kitako cha moja hakimkubali mwenzake. Remington 700 nayo ina risiva fupi na ndefu, na ina zenye kifuniko cha magazini (kisanduku cha risasi) kinachofunguka chini na zenye magazini iliyozibwa na mbao. Pima mwenyewe: umbali kutoka katikati ya skrubu ya mbele hadi katikati ya skrubu ya nyuma, unene wa mtutu mahali kadhaa, urefu wa tundu la magazini. Mpelekee muuzaji hizo namba, asikuambie tu "itaingia".

Urefu wa kuvuta, yaani kutoka triga hadi mwisho wa kitako, vitako vingi huuzwa vikiwa na sentimita 34 hadi 35. Ukiwa na mikono mifupi, au ukiwinda umevaa koti zito, kata. Ni rahisi kupunguza. Kuongeza ni vipande vya raba, na vinaonekana. Angalia pia sehemu ya shavu. Ukitumia darubini, jicho lako linakaa juu kuliko kwa mtu anayelenga kwa vyuma vya shabaha vya juu ya mtutu, na shavu likielea hewani utapiga vibaya hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Sasa kuvalisha. Toa risasi, toa bolti, kagua chemba, mahali risasi inapokaa, kwa jicho na kwa kidole. Nikisema "toa" namaanisha risasi zitoke kabisa kwenye chumba unachofanyia kazi. Ondoa na triga. Kisha tafuta skrubu mbili ndefu zenye hesi (mikato ya kuzungushia) sawa na za skrubu zako, zikate vichwa, zifunge kwenye risiva ziwe nguzo za kuongozea. Bila hizo utakuwa unashusha chuma kila mara kikiwa kimepinda kidogo, na alama utakazopata zitakudanganya.

Alama zenyewe ni masizi ya taa au rangi ya mdomo. Paka chini ya chuma safu nyembamba sana, shusha, gonga kidogo kwa mpini wa mbao, nyanyua. Palipochafuka ndipo panapogusa. Kwangua hapo tu, kwa patasi kali, na ukwangue kama unayemenya kiazi kichanga. Rudia. Mara thelathini, mara hamsini, sijawahi kuhesabu. Watu hushindwa hapa kwa sababu ya haraka: wanachukua msasa wanapanua shimo lote hadi chuma kinadondoka chenyewe, halafu wanajisifu kimeingia vizuri. Chuma kinachodondoka hakijashikwa na chochote.

Sehemu mbili nazipa muda kuliko nyingine zote. Ukuta wa nyuma ya jino uchafuke wote, kulia na kushoto sawasawa. Ukigusa upande mmoja, bunduki itajisokota kila ikipiga. Halafu nyuma ya mkia acha nafasi ya milimita moja hivi. Inaonekana mbaya, najua, na fundi yeyote wa samani angekucheka, lakini hiyo nafasi ndiyo ingeokoa kitako changu cha kwanza. Matundu ya skrubu nayo yawe mapana kidogo kuliko skrubu. Skrubu ikigusa ukuta wa tundu, imegeuka kuwa jino la pili, na haikuumbwa kwa hilo.

Mbao husinyaa chini ya skrubu. Unakaza leo, mwezi ujao imelegea, unakaza tena, na shabaha inahama kila mara. Dawa ni vibomba vya alumini kuzunguka skrubu, ili chuma kikutane na chuma. Siyo mambo mapya: Mauser 98 za kijeshi zilikuja na kibomba cha chuma kwenye skrubu ya nyuma. Toboa tundu, gundisha kibomba kwa epoksi (gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu) huku risiva ikiwa imelala mahali pake, na urefu wake uwe kamili. Kikizidi, risiva inaning'inia juu ya vibomba. Kikipungua, umetoboa bure.

Kisha kitanda cha epoksi, yaani tabaka la kulalia chuma, nyuma ya jino na chini ya risiva. Kabla ya kumimina, zungushia jino tepu mbele, pembeni na chini, ila nyuma usiweke. Ukishaiondoa, jino litabaki limeegemea nyuma tu, na utaweza kuitoa bunduki bila kung'oa kitanda. Ziba kila tundu la chuma kwa plastisini. Kila tundu, mkuu. Epoksi ikiingia kwenye tundu la pembeni na kukauka, imeshafunga kufuli. Paka nta ya viatu isiyo na rangi kwenye chuma chote, iache ikauke, paka tena. Kitako changu cha tatu niliruka sehemu moja ndogo ya nta, na saa 24 baadaye bunduki na kitako vilikuwa kitu kimoja. Nilivitia vyote kwenye friza usiku mzima, chuma kikasinyaa kidogo, asubuhi pigo moja la nyundo ya raba likaviachanisha. Nyumbani hakuna aliyefurahia kukuta mtutu kando ya chakula.

Mtutu wenyewe mimi nauacha uelee. Karatasi ipite kati yake na mbao kutoka ncha ya mbele hadi karibu na risiva bila kukwama. Mbao ikinywa unyevu na kusogea, isiwe na cha kusukuma.

Ukimaliza, jaribu hivi: kaza skrubu zote, weka kidole nusu juu ya mtutu na nusu juu ya ncha ya mbao, kisha legeza skrubu ya mbele polepole. Ukihisi mtutu unanyanyuka, bado chuma kinapindwa. Rudi kwenye masizi. Kukaza kwa mwisho, mbao tupu huwa naipa Nm (nyutonimita, kipimo cha mkazo) 4 hadi 5, na ikiwa na vibomba 6 hadi 7, isipokuwa mtengenezaji ametoa namba yake. Tumia bisibisi ya kupima mkazo, mkono wako siyo kipimo. Bunduki ikiwa tupu, hakikisha bolti inajifunga hadi mwisho bila kusugua mbao, sefti (kizuizi cha usalama) inashika, na triga haiguswi na mbao popote. Triga inayosugua mbao ni hatari kuliko kitako kilichopasuka.

Kupaka ni jambo jepesi. Msasa namba 120, 180, 220, 320, ukilowesha mbao kidogo kila hatua ili vinyweleo visimame uvikate. Vaa barakoa, vumbi la mjozi linawasha. Mafuta ya kitani yawe yale yaliyotiwa vikaushio, maana mabichi yatanata miezi. Ndani ya shimo na chini ya raba ya begani paka pia, unyevu unaingilia huko. Matambara yenye mafuta yatandaze nje yakauke. Ukiyafinyanga na kuyatupa kwenye ndoo yanaweza kujiwasha yenyewe.

Wiki mbili baadaye pima tena mkazo wa skrubu. Na ukikwama njiani weka picha hapa, ila iwe ya ukuta wa jino ukiwa na masizi. Ya kitako kutoka nje haitanisaidia kukujibu.