Unataka kupanda barafu nawe unaishi Moshi? Anzia ghalani

Watu hapa mjini wakisikia nafanya mazoezi ya kupanda barafu, yaani kukwea kuta za barafu kwa shoka mkononi na meno ya chuma miguuni, huniuliza barafu yenyewe iko wapi. Wana haki ya kuuliza. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea karibu kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Tena kwa njia kama Marangu na Machame, mgeni anafika kilele cha Uhuru kwa kutembea tu.

Lakini ujuzi huu una thamani, hasa kwa kijana anayefanya kazi mlimani. Mwaka 1973 Thumbi Mathenge, mwana wa Afrika Mashariki, alikuwa na Phil Snyder walipopanda kwa mara ya kwanza korongo la barafu la Diamond kule Mlima Kenya. Natamani sana kuona majina zaidi ya kwetu kwenye orodha za namna hiyo.

Hata wenye baridi yao hujifunzia ndani. Kinlochleven, Uskoti, kiwanda cha zamani cha aluminiamu kiligeuzwa ukumbi wenye ukuta wa barafu halisi. Saas-Fee, Uswisi, mashindano yamefanyika ndani ya jengo la kuegesha magari. Kugandisha ukuta mzima sisi hatuwezi kulipia umeme wake. Mbao tunazo.

Mimi natumia kona ya ghala la mahindi: plaiwudi nene juu ya fremu ya boriti, imeinama kidogo kumwelekea mpandaji, na vipande vya mbao ngumu vimefungwa kwa boliti. Ncha ya shoka la barafu inakaa juu ya kipande au kwenye tundu lililotobolewa. Usilikite shoka kwenye mbao kwa nguvu. Linanasa, na ukilichomoa kwa hasira linakurudia usoni. Vaa kofia ngumu hata kama uko futi tatu tu kutoka chini. Kamba usiifunge kwenye kenchi za paa, hazikujengwa kubeba mtu anayeanguka. Tandika magodoro, kisha panda kwa kwenda upande, kushoto na kulia, bila kupaa juu.

Vijana wengi hukimbilia mikono, wanavuta vyuma mpaka misuli inatetemeka. Nawasihi waanze na miguu. Kwenye barafu unasimama kwa meno ya mbele ya kramponi, yaani vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya buti, kisigino kikiwa chini, na kinachochoka kwanza ni misuli ya nyuma ya mguu. Vaa buti zako za mlimani, simama kwenye ukingo wa ngazi kwa ncha za vidole, kaa hapo, pumzika, rudia. Ukija ukutani ning'inia mkono ukiwa umenyooka. Mkono uliokunjwa unakwisha nguvu haraka. Na vaa glavu nene tangu mwanzo, kwa sababu mshiko wa mkono mtupu utakudanganya.

Kuna jambo mbao haifundishi: kupiga shoka na kusikia kama barafu imelishika au ina utupu ndani. Hilo utajifunza kwenye barafu yenyewe, ukiwa na mwalimu, na kwa Kilimanjaro ukiwa na kibali cha hifadhi.

Vifaa vya mtumba hupatikana kwa wageni wanaomaliza safari. Kagua shoka na kramponi kama zina nyufa. Kofia ngumu pekee nunua mpya, maana iliyowahi kupigwa na jiwe huenda isionyeshe alama yoyote.